Etel Adnan hakuanza na adui

Kila baada ya miaka mitano mji wa Kassel, Ujerumani, huwa uwanja wa maonyesho makubwa ya sanaa yanayoitwa documenta. Mwaka 2012 mmoja wa waliozungumziwa sana huko alikuwa bibi wa miaka 87, mzaliwa wa Beirut, aliyekuwa akipaka rangi tangu miaka ya mwisho ya 1950 huku vigogo wa soko la sanaa wakimpita tu. Turubai zake zilikuwa ndogo, nyingine ungeweza kuzibeba kwapani: duara jekundu, mstari wa bahari, mlima wa kijani, anga la manjano, basi. Kuanzia hapo milango ikafunguka. Oktoba 2021 jumba la Guggenheim la New York likamwandalia maonyesho yake mwenyewe, na mwezi uliofuata, tarehe 14 Novemba, akafariki Paris akiwa na miaka 96.

Ukilitaja jina la Etel Adnan leo, anayelijua atakupa habari za mwanga na utulivu. Sina ugomvi na hilo, maana rangi zile ni tamu kweli. Lakini mtu huyo huyo aliandika riwaya moja fupi yenye ghadhabu, inaitwa Sitt Marie Rose, na mimi naiweka juu ya kila kitu alichotuachia. Naiweka juu kwa sababu vita vilipowaka nyumbani kwao, watu wa kwanza aliowanyooshea kidole walikuwa wale ambao kwa malezi na kwa shule wangeweza kumwita "mwenzetu". Kumlaani adui hakuhitaji kipaji. Redio za vita hulifanya hilo kutwa kucha, tena kwa muziki. Yeye alianza na sebule alizokaribishwa kunywa kahawa.

Hao "wenzake" walikuwa akina nani? Hapa ndipo maisha yake yanapokuwa na utamu wake. Baba alikuwa Mwislamu wa Damascus, ofisa katika jeshi la dola ya Uthmani. Mama alikuwa Mkristo, Mgiriki wa Smyrna, mji ambao leo unaitwa Izmir. Vita Vikuu vya kwanza vilipokwisha, dola ya baba ilikuwa imesambaratika. Mwaka 1922 mji wa mama ukateketea kwa moto. Wakahamia Beirut wakiwa watu wawili ambao kila mmoja ametoka mahali ambapo hapapo tena, na mwaka 1925 Etel akazaliwa, mtoto wa pekee. Nyumbani kilisemwa Kituruki na Kigiriki. Shuleni, kwa masista wa Kifaransa, kilisemwa Kifaransa peke yake, na mtoto aliyenaswa akisema Kiarabu alionja adhabu. Kwa hiyo lugha ya nchi aliyozaliwa akaiokotea mitaani. Baba alijaribu kuziba pengo kwa kumkalisha na kitabu anakili maandishi ya Kiarabu mstari kwa mstari, naye alinakili kwa bidii bila kuelewa sana anachonakili. Miaka mingi baadaye akiwa Marekani alirudia mchezo ule ule kwenye vitabu vya Kijapani vinavyokunjwa kama kinanda cha mkono: aliandika humo mashairi ya washairi wa Kiarabu kwa wino na rangi, herufi zikiwa kwake nusu lugha na nusu picha.

Katika Lebanon, ambako dola inatambua madhehebu 18 na viti vya bunge na vyeo vya juu vya serikali vinagawanywa kwa dhehebu, mtu wa namna hii hana foleni yake. Hata hivyo malezi yana uzito. Kifaransa, masista, marafiki, mialiko ya jioni: hayo yote yalimweka karibu na matajiri wa Kikristo wa Beirut ya mashariki, waliojiona jirani wa Paris kuliko Damascus. Alizijua samani zao, vichekesho vyao na namna wanavyomwita mtumishi. Ukikisoma kitabu chake utaona ujuzi huo ukifanya kazi.

Lakini kabla sijafika kwenye kitabu, kuna jambo ambalo wanaoandika kumhusu hulipita haraka mno. Mwaka 1976, alipoandika riwaya ile, haikuwa mara yake ya kwanza kuusuta upande wake mwenyewe.

Mara ya kwanza ilikuwa wakati wa vita vya Algeria, 1954 hadi 1962. Alikuwa mshairi wa Kifaransa, amesoma falsafa Sorbonne, na kwa wakati huo anafundisha falsafa ya sanaa katika chuo kimoja cha watawa huko San Rafael, California. Habari za yaliyokuwa yakifanywa na jeshi la Ufaransa zilimfikia, akaona kalamu inakuwa nzito mkononi. Angeendeleaje kuandika mapenzi na bahari kwa lugha ya wale? Mwalimu mwenzake wa idara ya sanaa alikuwa amemuuliza inakuwaje anafundisha falsafa ya uchoraji na yeye mwenyewe hachori, akachukua rangi. Akatangaza kwamba kuanzia hapo atachora kwa Kiarabu. Tamko hilo wengi hulinukuu kama mzaha mzuri wa msanii. Mimi naliona ni mgomo. Alijinyima lugha aliyokuwa nayo bora kuliko zote, kwa sababu wenye lugha hiyo walikuwa wakitesa watu.

Mara ya pili ilikuwa Vietnam. Marekani ilikuwa imempa kazi, nyumba na mlima Tamalpais ambao angeuchora hadi uzee wake. Majeshi yake yalipokuwa yakimwaga mabomu Asia, washairi wa Marekani wakaanza kuandika dhidi ya vita, na Adnan akajiunga nao kwa Kiingereza. Kwa hiyo mashairi yake ya kwanza katika lugha ya wenyeji wake yalikuwa ya kuwasuta wenyeji hao. Mgeni mwenye adabu hafanyi hivyo, na ndiyo maana nampenda.

Mwaka 1972 akarudi Beirut. Akawa mhariri wa kurasa za utamaduni katika gazeti la Al-Safa, lililokuwa likichapwa kwa Kifaransa, kisha L'Orient-Le Jour. Mwaka huo huo akakutana na Simone Fattal, msanii mwenzake, ambaye angeishi naye hadi mwisho. Beirut ya wakati ule ilikuwa na mabenki, majarida, kumbi za sanaa, na kambi za wakimbizi wa Kipalestina ambazo waliokuwa wakinywa mvinyo juu ya vilima walizitazama kama uchafu wa jirani. Tarehe 13 Aprili 1975, katika mtaa wa Ain el-Remmaneh, wanamgambo wa Kikristo wa chama cha Kataeb walilimiminia risasi basi lililokuwa limebeba Wapalestina. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, vikaenda miaka 15, na makadirio yanayotajwa zaidi ni watu 150,000 waliokufa na 17,000 ambao hadi leo hawajulikani walipo. Mji ukakatwa vipande viwili, mashariki na magharibi. Vitambulisho vya wakati huo vilionyesha dhehebu la mwenye nacho, kwa hiyo kwenye kizuizi cha barabarani kadi ndogo ilitosha kukuua. Msomaji wa Kigali au Bukavu hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1976 Adnan alikuwa Paris aliposoma gazetini kwamba Marie Rose Boulos ameuawa. Alikuwa mwanamke Mkristo mwenye asili ya Syria, mwalimu wa watoto viziwi, na alikuwa akiwasaidia Wapalestina. Wanamgambo wa Kikristo walimteka wakamwua. Adnan aliandika riwaya yake kwa mwezi mmoja hivi, kwa Kifaransa, lugha ile ile aliyokuwa ameigomea. Nadhani hakuwa na njia nyingine: aliokuwa akiwasema wangeisoma kwa Kifaransa.

Kitabu hakianzi na maiti. Kinaanza na filamu. Kundi la vijana wa Kikristo wenye pesa, Mounir, Tony, Fouad na wenzao, wamewakusanya marafiki sebuleni wawaonyeshe picha walizopiga wakienda kuwinda katika jangwa la Syria. Ukutani magari yanakimbia, bunduki zinalia, ndege wanaanguka. Wanawake wamekaa wanatazama. Hakuna aliyewahi kuchukuliwa katika safari hizo, na vijana hawaoni ajabu yoyote. Mounir ana wazo la kutengeneza filamu kamili kuhusu kibarua wa Kisyria anayekuja Beirut kutafuta kazi, na anataka msimulizi, mwanamke ambaye hatajwi jina, amwandikie hadithi. Anachotaka ni jangwa zuri na nyuso nzuri za wanavijiji. Msimulizi anapomletea maisha ya vibarua kwenye majengo, jinsi wanavyolala na jinsi wanavyotumikishwa, Mounir anapoa. Hayo yamezidi siasa.

Mtu anaweza kuona sehemu hii imerefushwa bila sababu. Nami nilipoisoma mara ya kwanza niliiona hivyo. Ila angalia anachokifanya mwandishi: miezi michache kabla ya vita ametuonyesha bunduki, magari, furaha ya kulenga, na mtu anayependa taswira ya maskini kuliko maskini mwenyewe. Vita vinapokuja, vijana hao hawabadiliki tabia. Wanabadilisha shabaha.

Sehemu ya pili ndiyo kesi yenyewe, kama inafaa kuitwa kesi. Marie-Rose wa riwaya anaishi upande wa magharibi na daktari wa Kipalestina, lakini shule yake iko mashariki, na kila mara anavuka kwenda kuwafundisha watoto. Anatekwa akiwa njiani. Anafungiwa ndani ya shule yake mwenyewe, na wanaomhoji ni Mounir, Tony, Fouad na padri mmoja, Bouna Lias. Hadithi inasimuliwa kwa zamu na sauti saba, zamu hizo zinajirudia mara tatu: watoto viziwi, Marie-Rose, wale vijana watatu, padri, kisha msimulizi wetu wa mwanzo. Kila mmoja anapewa nafasi ya kujitetea kwa kinywa chake, na hapo ndipo kalamu ya Adnan inapokata. Tony anajitambulisha kwa kusema jina lake ni Tony na kamwe halitakuwa Mohammed. Sentensi moja tu, na huna haja ya kuuliza mengine kumhusu.

Anayenitisha mimi ni Mounir. Tony na Fouad ni watu wa mabavu, na wa namna yao wapo kila jeshi. Mounir ni mpole, msomi, mwenye adabu za mezani, na alimpenda Marie-Rose walipokuwa vijana. Anamhurumia. Angependa akiri, ajutie, arudi kundini, mambo yaishe bila kelele. Hakuna saa hata moja anayofikiria kwamba yeye mwenyewe anaweza kusimama na kusema hapana. Kosa la Marie-Rose mbele yake ni lile ambalo ukoo wowote wenye hofu hauliwezi: ametoka akaenda kwa wale. Mpalestina akikamatwa anauawa kwa kuwa Mpalestina, na shauri limekwisha. Mwenzao akivuka, hapo panahitajika maneno, padri, na darasa zima la mashahidi, kwa sababu akiachwa atakuwa amethibitisha kwamba mpaka unavukika.

Ndiyo maana watoto wanaletwa watazame. Wauaji wanataka wajifunze. Adnan amewapa watoto hao sauti ya "sisi", na sauti hiyo ndiyo iliyo timamu kuliko zote kitabuni. Hawasikii hotuba, kwa hiyo hotuba haiwapotoshi. Wanajua nani anawapenda na nani anawatisha, wanajua mwalimu wao ameletwa amefungwa. Mwisho kabisa, baada ya kuuawa kwake, mabomu yanaanguka mjini, ardhi inatetemeka, na watoto wanaupokea mtetemo ule miguuni, wanaanza kucheza ngoma. Kuna wahakiki wanaoliona hili kama tumaini. Mimi silioni hivyo hata kidogo. Naona watoto ambao kitu pekee ambacho watu wazima wamefaulu kuwafikishia ni mdundo wa bomu.

Kitabu kilitoka Paris mwishoni mwa miaka ya 1970, kikatafsiriwa kwa Kiarabu, kisha kwa lugha zaidi ya kumi. Simone Fattal alianzisha shirika la uchapishaji, Post-Apollo, huko Sausalito mwaka 1982, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka huko. Upande ulioguswa Beirut haukufurahi, na huo mkuki kila mtu anaujua: kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Laiti angeandika kitabu kile kile kuhusu ukatili wa Wapalestina, sebule zile zile zingemtunza kwa maua.

Sasa nifike kwenye pingamizi, kwa sababu zipo, na mbili kati yake zina nguvu.

La kwanza linahusu haki. Januari 1976 wanamgambo wa Kikristo walivamia Karantina, mtaa wa mabanda wa Beirut, wakaua mamia ya watu, wengi wao Wapalestina na Waislamu maskini. Siku chache baadaye wapiganaji wa Kipalestina na washirika wao waliingia mji wa Kikristo wa Damour, kusini mwa Beirut, wakafanya vivyo hivyo kwa raia wa huko. Msomaji aliyepoteza ndugu Damour akifungua riwaya ya Adnan atauliza wafu wake wako wapi. Ni swali halali, na kitabu hakina jibu la kuridhisha. Kimeandikwa kwa hasira ya mwezi mmoja na kinafanana na hasira hiyo; vijana wake, ukimtoa Mounir, ni wembamba kama katuni. Kama riwaya ingekuwa mahakama, ningesema hakimu ajitoe. Ila Adnan hakukaa kiti cha hakimu. Alijipa kazi nyembamba zaidi, ya kuwaeleza watu anaowajua wanafanya nini, na sidhani angeongeza ukweli wowote kwa kutenga kurasa 20 za kusawazisha mizani. Wa Damour walistahili mwandishi wao, aliyekuwa ndani ya sebule za wale waliowaua. Hilo lilikuwa deni la mtu wa upande ule.

La pili ni la umbali. Aliandika akiwa Paris, na sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki ilipita kati ya Paris na California. Waliobaki Beirut wakipanga foleni ya mkate chini ya wadunguaji wana haki ya kukunja uso. Hapa nakubali nusu. Kuna mambo ambayo aliyekuwa mbali hawezi kuyaandika: harufu ya ngazi za jengo usiku wa makombora, uchovu, uchoyo mdogo mdogo wa majirani. Lakini kumdai mtu awashitaki watu wake akiwa amekaa katikati yao, silaha ziko mlangoni, ni kumdai ajiue. Kuna ukweli unaohitaji mahali salama pa kuandikia.

Yule aliyebaki ndani ya ngazi zile anapatikana kwa Zeina Abirached, aliyezaliwa Beirut mwaka 1981, mchoraji na mwandishi wa vitabu vya picha vya nyeusi na nyeupe. Kitabu chake kinachojulikana zaidi kilitoka Ufaransa mwaka 2007 na kilianza kwa bahati: alikuta katika hifadhi ya televisheni ya Ufaransa ripoti ya mwaka 1984, mwanamke mmoja wa Beirut akisema mbele ya kamera kwamba labda hapa walipo wako salama kidogo. Mwanamke huyo alikuwa bibi yake. Hadithi yote inapita usiku mmoja katika ukumbi mdogo wa kuingilia nyumbani, kwa kuwa ndicho chumba kilicho mbali na madirisha. Wazazi wamekwenda kwa bibi, mitaa michache tu kutoka hapo, makombora yamewazuia kurudi, na majirani wanashuka mmoja mmoja kukaa na watoto. Ukutani limening'inia pambo la kitambaa linaloonyesha Musa akiwatoa watu wake Misri. Mtu analeta chakula, mwingine anakariri tamthilia. Vita havionekani, vinasikika.

Ni kazi nzuri ajabu, na simlaumu mwandishi aliyekuwa mtoto wa miaka mitatu wakati huo kwa kutotaja nani anarusha makombora. Ninachokiona ni kwamba sanaa nyingi ya Lebanon baada ya 1990 imechagua ukumbi ule: majirani wema, kumbukumbu, jengo lililotobolewa, mtoto asiyejua. Anayekosekana mara nyingi ni Mounir. Tunapewa walioteseka kwa wingi na watesaji kwa uchache, na hata hao wachache hawana jina, dhehebu wala anwani.

Nitarudi kwa hilo. Kwanza niseme neno kuhusu mashairi, kwa sababu ndipo jua lilipo. Januari 1975, miezi mitatu kabla ya basi la Ain el-Remmaneh, Adnan alikuwa ameanza Beirut shairi refu kuhusu jua. Vita vikaliingia shairi. Lilipokamilika lilikuwa na sehemu 59, idadi ambayo mwenyewe aliihusisha na siku za kuzingirwa kwa kambi ya Wapalestina ya Tel al-Zaatar, iliyoanguka Agosti 1976 baada ya wiki nyingi za njaa, kiu na mizinga. Mistari yake inakatwa na neno STOP kwa herufi kubwa, kama simu ya maandishi ya zamani. Mahali pengine maneno yanaisha kabisa na mkono unachora: mshale, jicho, mzunguko wa wino, alama isiyosomeka. Jua la humo lina kila rangi, la manjano, la kijani, jekundu, la buluu, na halimpi mtu joto.

Sasa mtazame yule mchoraji wa Kassel. Jua lile lile, rangi zile zile, zimekaa kimya juu ya bahari. Alifanya kazi akiwa ameilaza turubai mezani, rangi inatoka kwenye bomba lake, inatandazwa kwa kisu, na mara nyingi mchoro ulikwisha kwa mkao mmoja. Mwenyewe aliwahi kueleza kwamba huandika anachokiona na huchora alivyo. Wauzaji wa sanaa wanalipenda neno hilo kwa sababu linawaruhusu kuuza nusu. Mteja anachukua alivyo, anakitundika juu ya kochi. Anachokiona kinabaki kwenye rafu ya maktaba ya chuo. Sisemi michoro ile ni uongo wala kimbilio. Mtu aliyeandika mateso ya Marie-Rose alikuwa na haki ya mlima wake. Nasema bei ya mlima imepanda hadi imeizima riwaya, na hilo limewafaa watu wengi, wakiwamo wenye sebule za aina ile aliyoichora kwa maneno.

Mtu ataniuliza kama kanuni hii ya kuanza na walio wako inafaa pale mabomu yanapotoka nje. Mwaka 1982 Israel iliizingira Beirut ya magharibi. Mwaka 2006 ilipiga Lebanon kwa siku 34. Na vita vilivyoanza Oktoba 2023 mpakani vikasambaa hadi usitishaji mapigano wa Novemba 2024 viliua karibu watu 4,000 nchini humo. Katika hali hiyo, mwandishi anayeanza kwa kujisuta anaweza kuonekana anamshikia adui mkono. Adnan hakuwahi kumwachia adui huyo: aliandika kuhusu Palestina kabla ya vita vya Lebanon na baada yake, lipo hata shairi lake kuhusu Jenin, mji wa Wapalestina, na hakuna aliyewahi kumtilia shaka kuhusu anasimama wapi. Lakini uzito wa maneno hayo ulitokana na kwamba alikuwa amekwisha kuwasema wa kwao. Anayelia juu ya maiti za upande mmoja peke yake anasikilizwa na upande mmoja peke yake.

Nirudi kwa Mounir. Vita vilipokwisha mwaka 1990, wakuu wa wanamgambo, karibu wote, hawakwenda jela. Wengi walivaa suti wakaingia bungeni na kwenye baraza la mawaziri. Agosti 1991 bunge likapitisha sheria ya msamaha kwa makosa ya vita. Familia za watu wale 17,000 zilisubiri hadi Novemba 2018 kupata sheria ya kuunda tume ya kuwatafuta. Katika nchi yenye mpango kama huo, sanaa inayokumbuka bila kutaja inakubalika kwa kila mtu: wizara itaifungulia, benki itaidhamini, na Mounir mwenyewe atakuja usiku wa uzinduzi, atasimama mbele ya picha ya jengo lenye matundu na kutikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

Sheria ile ya 1991 ilikuwa na mapengo yake, na inafaa kuyajua. Mauaji ya viongozi wa kisiasa, viongozi wa dini na wanadiplomasia yaliwekwa nje ya msamaha. Hayo yaliweza kushitakiwa. Kumwua mwalimu wa watoto viziwi kuliangukia ndani yake, pamoja na makumi ya maelfu ya watu wengine wasio na cheo.